Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Othmar alifika kwa fundi Cleopa asubuhi, soko la Mbinga likiwa ndiyo kwanza linaamka. Alisimamisha pikapu yake kwenye mteremko ulio mbele ya gereji, akakanyaga breki, akangoja. Alitazama kioo cha pembeni na kungoja, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani. Cleopa alikuwa ananawa uso kwenye ndoo. Aliuona ule mguu ulioganda kwenye breki, akaelewa. Akaacha maji yake, akaokota tofali na kulisukumia nyuma ya gurudumu.

"Tayari, mzee. Shuka."

Ndipo Othmar alipokumbuka kwamba mkewe amekufa.

Alikuwa akikumbuka hivyo kila aliposimamisha gari. Nyumbani Matiri aliweza kujidanganya kidogo, kwamba Asteria yuko shambani, au kaenda jumuiya na huko maneno yamekuwa mengi. Ndani ya gari uongo huo haukuwa na pa kukaa.

Asiyeijua Umatengo inabidi aelezwe. Huku hakuna mahali tambarare. Uwanja wa mpira wa misheni unajitahidi, lakini mpira ukitoka nje mchezaji anaufuata hadi mtoni na wenzake wanakaa chini kumngoja. Shamba liko ubavuni mwa mlima, nyumba iko ubavuni mwa mlima, hata marehemu wetu wamelala wakiwa wameinama kidogo. Gari likisimama ni lazima lizuiwe. Malori yana utingo, anaruka na gogo kabla gari halijatulia. Pikapu ya Othmar ilikuwa na Asteria.

Pikapu yenyewe aliinunua ile miaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milimani na fedha taslimu. Watu walichanganyikiwa. Wengine waliezeka bati, wengine walinunua redio zenye spika kubwa kuliko kabati, na wapo waliooa mke wa pili wakajuta kabla ya msimu uliofuata. Othmar alinunua pikapu iliyotumika Japani. Haikumaliza hata mwezi. Mpakiaji mmoja mwenye papara alitupa gunia la kahawa ndani, badala ya nyuma, likaangukia mkono wa hendibreki na kuuvunja. Kati ya viti viwili kikabaki kisiki cha chuma kama jino bovu.

"Tutautafuta mwingine," alisema Othmar.

"Na mpaka upatikane?" aliuliza Asteria.

"Tutaweka jiwe."

Mawe ya kwao hayakumfaa Asteria. Alisema yanamong'onyoka, yanateleza, hayana adabu. Yeye alikuwa mtu wa Mbamba Bay, binti wa ziwani, na waliposhuka na gari kwa mara ya kwanza kwenda kumsalimu mama yake, alirudi na jiwe miguuni. Jeusi, upande mmoja bapa na upande mwingine mviringo, zito kama mtoto wa mwaka mmoja. Lilikuwa jiwe la mlango wa jiko la mama yake, lile linalozuia mlango usipigwe na upepo wa ziwa. Mama yake huyo, bibi Walburga, alimpa mwenyewe.

Tangu hapo ikawa desturi yao. Gari likisimama, Othmar anashikilia breki. Asteria anafungua mlango, anakaza kanga, anateremka na jiwe lake bila haraka, hata kama mvua inanyesha, hata kama nyuma kuna lori linapiga honi. Analiweka. Analipiga teke la kisigino lijibane vizuri. Anapiga bodi makofi mawili, paa, paa, na kusema:

"Limekaa, Baba Ida."

Hapo Othmar anaachia mguu polepole, gari linarudi nyuma kidogo na kuegemea jiwe. Kwa hiyo walikwenda mnadani pamoja, hospitali pamoja, harusini na misibani pamoja. Watu wa barabara nzima walimwita Asteria mama wa jiwe.

Kisha miguu yake ilianza kuvimba. Akawa anapumua kwa shida akipanda hata ngazi za kanisa. Madaktari walisema ni moyo, na kwamba ulikuwa umechoka kwa muda mrefu kabla hajasema. Masika hayakuisha naye.

Siku ya maziko, mdogo wake Mektilda alisimama mbele ya watu, kanga imemwanguka kichwani, akasema lililokuwa moyoni mwake. "Dada yangu aliletwa huku milimani akawa utingo. Mwanamume ana kahawa, ana nyumba ya bati, ana gari. Ana kila kitu isipokuwa hendibreki. Kambebesha mtoto wa watu mawe mpaka moyo umempasuka."

Wanawake walimshika, wakamkalisha chini, wakamwambia nyamaza. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, nalo lilimwingia Othmar likakaa. Hakulala nalo vizuri tangu siku hiyo, wala hakula nalo vizuri. Kwa sababu alikuwa amejiuliza jambo lilelile kabla Mektilda hajafungua mdomo. Kweli alimwagiza Cleopa amtafutie mkono mwingine. Kila alipouliza, Cleopa alijibu haupatikani. Ila Songea ni mbali kiasi gani? Mwanamume aliyetaka kweli si angepanda basi akaenda kuutafuta mwenyewe? Hakwenda. Na hakwenda, tusifichane, kwa kuwa alipenda. Alipenda kukaa pale mguu kwenye breki, akimwona mkewe katika kioo anainama na kuinuka, akingoja ile sauti. Sasa alikuwa mtu anayeogopa kwamba alichokiita mapenzi kilikuwa ni kumtumikisha mgonjwa.

Wazee wa ukoo walikaa na kuamua kuwa wakati umefika. Kwa taratibu zao, mke akifariki, vile alivyokuja navyo kutoka kwao hurudishwa kwa mama yake, na mume huvipeleka mwenyewe. Shangazi wa Othmar, Hedwiga, alifunga mizigo: vyungu, mkeka, ungo, sanduku la bati la kanga. Alipoinama ndani ya pikapu kutafuta pa kuviweka, aliliona jiwe.

"Na hili?"

"Hilo ni la gari," alisema Othmar haraka.

Shangazi Hedwiga hakubisha. Lakini Othmar alishinda kutwa akizunguka ile pikapu. Jiwe halikuwa la gari. Lilitoka mlangoni kwa bibi Walburga, kwa mkono wa bibi Walburga. Kulibakiza ni wizi, tena wizi wa kumwibia mtu aliyekwisha kuibiwa mtoto. Litarudi. Na kama jiwe litarudi, gari litahitaji kitu kingine cha kulishika. Ndiyo sababu ya kuja kwa Cleopa asubuhi hiyo.

"Nibunie chochote," alimwambia fundi. "Nondo, bomba, chochote. Kesho nashuka Mbamba Bay. Wazee wametangulia kwa basi. Najua spea hakuna."

Cleopa alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Kisha akaingia stoo, na kutoka na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha gunia. Alikifungua juu ya boneti. Ulikuwa mkono wa hendibreki. Si orijino, ni zile spea za Dubai: mrefu, wa kung'aa, umevalishwa mpira mweusi, na kitufe chekundu kwenye ncha. Gunia lilikuwa na vumbi la miaka.

"Umeupata lini?" aliuliza Othmar.

"Zamani, mzee."

"Zamani lini?"

"Mwaka ambao Ida alipata kipaimara."

Ida sasa alikuwa na mume na mtoto. Othmar alimtazama Cleopa, akautazama ule mkono, akamtazama tena.

"Miaka yote hiyo unaniambia haupatikani?"

"Mama Ida alinikataza." Cleopa alisema hayo akiangalia chini. "Alipita hapa ametoka kanisani. Nikamwonyesha, nikidhani nampa habari njema. Akaushika, akakibonyeza hiki kitufe mara mbili tatu. Akaniuliza, 'Umemwambia mwenyewe?' Nikasema bado. Akasema, 'Basi usimwambie. Ukimfungia hii, mimi nitabaki nyumbani napalilia kahawa, yeye atakwenda kote peke yake. Sasa hivi bila mimi hawezi kusimama hata dukani.' Akacheka. Akaniambia na hilo nisikuambie, maana utavimba kichwa."

Othmar aliuinua ule mkono wa chuma. Cleopa alirudi hatua moja nyuma, na hakukosea, maana mzee huyo kwa sekunde moja alitaka kumpiga mtu. Lakini wa kupigwa hakuwepo. Aliketi juu ya tairi kuukuu, chuma kikiwa mapajani.

"Ulipaswa kunifungia," alisema.

"Mimi ni nani, mzee, niingie kati ya mtu na mkewe?"

"Moyo ulikuwa unamchosha, Cleopa. Alikuwa anabeba jiwe na moyo unamchosha."

"Hatukujua. Wakati ule hakuna aliyejua."

Othmar alilia pale, mbele ya gereji, na akina mama waliokuwa wanapanga nyanya zao ng'ambo ya barabara waligeukia upande mwingine kwa heshima. Alilia kwa kupendwa, na alilia kwa hasira. Alimkasirikia Asteria kama alivyokuwa hajawahi kumkasirikia alipokuwa hai. Mwanamke mkaidi yule! Angekubali tu hicho kitufe chekundu, angekaa kwenye kiti chake kama mke wa mtu mwenye gari, labda leo angekuwepo anamcheka. Na papo hapo alijua kwamba angepewa nafasi ya kumwona tena katika kile kioo, angeutupa huo mkono mtoni bila kufikiri.

"Funga," alisema mwishowe.

Kazi ilichukua muda. Cleopa alifungua kiti cha abiria, akang'oa kava la plastiki na kusafisha kisiki kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana. Meno yanayoshika hendibreki yalikuwa mazima, yamelala tu kwenye kutu. Aliyapaka grisi. Waya unaokwenda nyuma ulikuwa umekakamaa. Alilala chini ya gari akauvuta na kuulainisha, akakaza nati yake. Mkono wa Dubai haukuwa wa gari lile, ulikuwa mpana mno, basi alipiga tupa kisiki upande huu na upande ule, akaujaribisha, akauchomoa, akapiga tupa tena. Othmar alishika tochi. Kila chuma kilipokwaruzana yeye alikunja uso. Mwisho Cleopa alitoboa matundu mawili, akapitisha bolti, akauingiza ule ufito mwembamba unaotoka kwenye kitufe hadi kwenye meno.

"Vuta, mzee."

Othmar aliweka mkono wa kushoto pale. Mpira ulikuwa mgeni, laini, unanukia duka. Akavuta. Kr-kr-kr. Cleopa akaondoa tofali. Pikapu ilitulia juu ya mteremko bila kutikisika.

"Umekamata," alisema Cleopa kwa sauti ya chini, akiionea haya kazi yake nzuri.

Othmar alitamani usingekamata.

Kesho yake alishuka peke yake. Mizigo ilikuwa nyuma, imefungwa kamba, ila jiwe alilikalisha mahali pake, chini mbele ya kiti cha abiria. Njia nzima alikuwa anapanga sentensi. Alikuwa nayo sasa, sentensi ya kumjibu Mektilda mbele ya wazee wa pande zote: Nilitaka kuufunga, dada yenu mwenyewe alikataa, fundi yupo, aulizwe. Aliisema kwa sauti, peke yake, kona baada ya kona. Ilikuwa kweli tupu na ingemtakasa.

Alipofika kijiji cha Tingi, alisimama kupoza breki. Alivuta ule mkono, akashuka. Mwanamke anayeuza mapera kando ya barabara alimjua.

"Shikamoo, baba. Leo mama wa jiwe yuko wapi?"

"Marahaba. Ametangulia," alisema Othmar.

"Haya, msalimie. Mwambie na haya ni yake." Akamwekea mapera matatu makubwa kwenye kiti.

Othmar alirudi ndani ya gari. Alikaa na yale mapera muda mrefu, ziwa likionekana kwa mbali chini. Aliijaribu tena ile sentensi yake na safari hii aliisikia ilivyo. Alikataa mwenyewe. Maana yake ni nini? Maana yake kajiua mwenyewe kwa ukaidi wake. Hilo ndilo angempelekea mama mtu, pamoja na vyungu na mkeka. Yeye Othmar angetoka pale ameoshwa, na Asteria, asiye na mdomo tena wa kujitetea, angebaki na lawama. Aliona aibu. Kama ni lawama, acha Mektilda amtwishe yeye, ana mabega. Akaimeza sentensi, akashusha mkono wa hendibreki, akaendelea kuteremka.

Nyumba ya bibi Walburga imejengwa kwenye mwinuko ulio juu ya ziwa, kati ya mawe makubwa, na uwanja wake unapanda kutoka barabarani. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi. Mektilda alisimama mlangoni, mikono kifuani. Othmar alipandisha gari hadi katikati ya uwanja, akasimama. Akavuta mkono. Kr-kr-kr. Gari likakamatwa sawasawa.

Kilichobaki ni kushuka tu. Lakini mguu haukutoka kwenye breki.

Aliuamuru, ukakataa. Alijua gari limeshikwa, alijua wakwe wanamtazama, alijua anachekesha. Mzee mmoja aliita, "Karibu, shuka!" Othmar aliitikia kwa kichwa na hakushuka. Macho yake yalikwenda kwenye kioo cha pembeni yenyewe. Ndani ya kioo kulikuwa na uwanja mtupu na kuku wawili. Hapa ndipo Asteria alipokuwa anashuka kwa mbwembwe kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa kwao walikuwa wanamwona.

Mektilda alifungua mdomo kusema kitu. Kisha akaufunga, kwa sababu mama yake alikuwa amemsogeza pembeni na kutoka nje.

Inafaa kujua kwamba tangu siku ya harusi bibi Walburga hakuwahi kumkaribia mkwewe. Ndivyo heshima ilivyo kwao. Mkwe na mama mkwe husalimiana kwa mbali, wakikutana njiani mmoja hupisha, na kula pamoja hata hakuulizwi. Miaka yote ile alikuwa akilitazama gari lao kutoka nyuma ya ua wa jiko. Sasa alikatiza uwanja mbele ya wazee wote, mwanamke mfupi mwenye kaniki, akaufungua mlango wa upande wa Asteria. Hakumtazama Othmar. Aliyaona mapera, akayasogeza. Akainama na kulitoa jiwe la mlango wake kwa mikono miwili.

Othmar alimwona ndani ya kioo. Alimwona anatembea bila haraka, anainama, analiweka nyuma ya gurudumu. Alimwona anainuka, anashika kiuno, na kulipiga teke la kisigino. Kisigino kilekile. Othmar hakuwahi kujiuliza Asteria alijifunzia wapi, kumbe alijifunzia hapa, mlangoni, kwa kumtazama mama yake akizuia upepo.

Makofi mawili kwenye bodi. Paa, paa.

"Limekaa, Baba Ida," alisema bibi Walburga.

Othmar alikibonyeza kile kitufe chekundu, akaushusha mkono mpya hadi chini. Akauachia mguu polepole. Pikapu ilirudi nyuma kidogo, ikaegemea jiwe.

Hapo aliweka paji la uso kwenye usukani akalia kwa sauti, kwa wakwe, mchana kweupe, jambo ambalo mwanamume hafanyi. Mektilda alikaa chini kwenye kizingiti na kujifunika kanga usoni. Bibi Walburga alimgeuzia mkwewe mgongo, kama adabu inavyotaka, lakini hakuondoka. Alisimama palepale kando ya gurudumu, mkono mmoja juu ya bodi, akingoja amalize.